Saa Nne Kasorobo

Nilipopata nafasi ya chuo cha ualimu, watu walinipongeza kana kwamba nimetolewa shimoni. Shangazi yangu hakuzunguka: "Afadhali mwanangu, sasa utaacha kutawaza watoto wa watu." Nilikuwa nimefanya kazi miaka kadhaa mkoani Singida, kwenye bweni la kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili. Kwenye karatasi nilikuwa mlezi. Mtaani tuliitwa mayaya, na baadhi ya walimu wa shule ambayo kitengo chetu kilikuwa uani kwake walituita hivyo hivyo, wakidhani hatusikii.

Kazi ile ina ufundi wake. Mtoto wa kitengo akifundishwa kufunga kamba za viatu, haanzi na mwanzo. Unamfungia wewe karibu yote, unamwachia kuvuta kule kwa mwisho tu. Akivuta, kiatu kimefungwa, na aliyefunga ni yeye. Baadaye unamwachia hatua mbili za mwisho, kisha tatu, mpaka siku moja unakuta huna cha kufanya, umekaa tu unamtazama. Vifungo vya shati, mswaki, kwenda chooni na kujisafisha, vyote tulivifundisha kwa mtindo huo. Aliyenionyesha ni mlezi mwenzangu, mama mtu mzima aliyeishia darasa la saba. Chuoni nilikutana na wakufunzi hodari, ila sikumpata aliyenieleza ufundishaji kwa uwazi kama yule mama.

Sasa ninachotaka kusimulia kilitokea mwaka 2017, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya msingi mkoani Morogoro. Nilipangiwa darasa la kwanza. Elimu bila malipo ilikuwa imeanza Januari 2016 na watoto walikuwa wamemiminika. Kwenye andalio la somo kuna kajedwali ka waliosajiliwa na waliohudhuria. Mimi nilikuwa najaza zaidi ya 120, na madawati yalikuwa ya nusu yao. Waliobaki walikaa chini, wameegemea ukuta. Kipindi ni dakika 30. Ukiita majina yote, somo limekwisha.

Mkufunzi alikuja kunipima siku ambayo kipindi changu kilikuwa baada ya mapumziko ya saa nne, watoto wameshakunywa uji. Alikaa nyuma na fomu yake. Somo lilikuwa silabi za m. Nilikuwa nimekata kadi za manila, nikawa naandika neno ubaoni na kuacha pengo mwishoni: ma, pengo, mi, pengo, kisha mtoto anakuja kubandika silabi inayokamilisha. Kamba ya kiatu, basi. Mtoto ambaye hajawahi kusoma neno zima anaweka kadi moja, darasa zima linasoma "mama", naye anarudi kwenye nafasi yake akitembea kwa maringo.

Nilikuwa kwenye maarifa mapya, yaani hatua ya kipindi ya kufundisha jambo jipya, pale ambapo mkufunzi yeyote huandika sana, nilipomwona mtoto wa dawati la pili. Alikuwa amebana magoti na kuacha kupepesa macho. Kwa mtu aliyelala bwenini miaka, hiyo ni kengele. Nilikuwa nimechelewa. Jirani yake aliinuka na kupaza sauti: "Madam, kakojoa!"

Kicheko cha watoto zaidi ya mia si kitu kidogo. Nikapiga makofi, nikawaambia wote wasimame wageukie ukuta wa nyuma, kulikokuwa na picha zangu, tuimbe ma, me, mi, mo, mu. Mkufunzi akajikuta anatazamwa na darasa zima. Wakiimba, nikatoa kanga kwenye mkoba (kanga haikosekani mkobani mwangu mpaka leo), nikamfunga mtoto kiunoni, akavua kaptula yake ndani kwa ndani, nikamtoa nje na rafiki yake waende bombani. Sakafu nikaifuta kwa gunia la mlangoni. Aliporudi nilimwita ubaoni akiwa na kanga yake, nikampa kadi ya mwisho. Alibandika. Hakuna aliyecheka, walikuwa wamechoka kuimba.

Baada ya kipindi tulikaa chini ya mwembe, mkufunzi na mimi.

"Somo zuri, Madam. Zana zipo, sauti unayo. Lakini umepoteza dakika tano. Ungemtuma monita amwite matroni."

"Shule haina matroni, Mkufunzi."

"Basi mwalimu wa afya."

"Alikuwa na kipindi darasa la sita."

Akafunga kalamu. "Mimi nakupima kama mwalimu. Ulezi uliuacha Singida." Kisha akalainisha sauti, na najua alikuwa ananitakia mema: "Watu kama wewe wanahitajika Patandi. Ukimaliza hapa, omba."

Patandi, kule Arusha, ni chuo kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, na ninawaheshimu waliopita pale. Lakini maneno yake yalinikera, na sijaacha kukereka. Yule mtoto wa dawati la pili hakuwa na ulemavu wowote. Alihitaji choo, kama mimi, kama mkufunzi. Na ikiwa kila mtoto anayehitaji mtu mzima amwangalie vizuri anatafutiwa chuo kingine na mwalimu wa aina nyingine, basi sisi wengine tunabaki kufundisha ubao.

Sikumwambia hayo. Alikuwa na fomu yangu mkononi.

Nilichofanya ni kwenda kuchungulia vyoo kesho yake wakati wa mapumziko. Foleni ilizunguka kona. Wakubwa wa darasa la sita na la saba walikuwa mbele, wadogo wangu wanasukumwa nyuma, na kengele ililia wakiwa bado kwenye foleni. Wanafunzi waliongezeka, matundu ya choo yalibaki yale yale. Mtoto anafika shuleni saa moja, hapati choo saa nne, halafu juu yake anaongezewa kikombe cha uji. Ajabu ni kwamba aliyeloa alikuwa mmoja.

Kwenye andalio la siku ile ya kupimwa, sehemu ya maoni, nilikuwa nimeandika: wanafunzi wa darasa la kwanza waruhusiwe kwenda chooni kwa mafungu saa nne kasorobo, kabla ya kengele. Mkufunzi alikata mstari huo kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Maoni yahusu somo." Alama alinipa nzuri, sina ugomvi.

Mwalimu wa darasa, dada aliyenizidi miaka michache tu, alilisoma lile andalio, akauliza mafungu yawe ya watoto wangapi. Nikamwambia tuanze na ishirini. Andalio lililofuata niliandika maoni yale yale, herufi kwa herufi, na saa nne kasorobo tukatoa fungu la kwanza.