Nilivyosokota kamba za makumbi za ngalawa yangu

Mirengu ya ngalawa yangu, ile miti ya ubavuni inayosaidia isipinduke, nilikuwa naifunga kwa nailoni, maana ndiyo inayopatikana dukani. Ina nguvu, sikatai, lakini inateleza. Mawimbi yakiitikisa tangu alfajiri, fundo linalegea, na jua nalo linaichakaza mpaka inakatika nyuzi nyuzi. Nikaamua kurudi kwenye kamba za makumbi, yaani za nyuzi za maganda ya nazi. Kwetu Jambiani, Unguja, hiyo ni kazi ya wanawake, basi nikaenda kwa shangazi.

"Shikamoo shangazi. Nataka unifundishe kusokota."

"Marahaba mwanangu. Kaa chini, nyoosha miguu."

Makumbi yake yalikuwa yamelala miezi mingi pwani, shimoni chini ya mchanga na mawe, maji yakijaa na kutoka juu yake. Yakifukuliwa yananuka vibaya, lakini kilichooza ni ile nyama laini. Nyuzi zimebaki nzima. Tukayaponda kwa gongo, tukayaosha, tukayaanika.

Ufundi wenyewe uko viganjani. Unachukua nyuzi chache, unazisokota kuelekea upande mmoja, na kabla hazijaisha, mkia ukiwa bado urefu wa kidole, unachomeka nyingine. Ukichomeka nyingi kwa pamoja, kamba inatoka na uvimbe, na penye uvimbe ndipo itakapokatikia. Kisha nyuzi mbili zilizosokotwa unazisuka pamoja kuelekea upande wa pili. Kila mmoja unataka kujifumua, na huko kutaka kujifumua ndiko kunakozibana zote mbili. Shangazi alikuwa akiushika uzi wangu na kuuachia ulegee: ukijikunja wenyewe, umekaza, ukilala tu, nausokota upya.

Hapo ndipo nilipouelewa mtepe wa Lamu, kile chombo cha tanga cha zamani. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari ya chuma, na kamba hizo zikinywa maji huvimba na kubana tundu. Siwaoni wazee wale kuwa walikosa chuma tu. Walikijua walichokuwa nacho mkononi.

Zangu niliziloweka baharini kwanza, nikafunga mirengu zikiwa bado majimaji, nikivuta kila mzunguko huku nimekanyaga mti. Zinakwaruza mikono, lakini ukwaruzo huohuo ndio unaoshika mti usiteleze. Tanga naendelea kulishona kwa uzi wa pamba, kwani makumbi yangekila kitambaa. Na shangazi ananidai: makumbi niliyomtumilia niyarudishe shimoni bamvua lijalo, maji yatakapojaa na kupwa sana.