Perege wakihema juu ya maji, angalia ndoo ya chakula

Alfajiri samaki wamejaa juu, midomo wazi. Kabla hujatafuta dawa, tazama rangi ya maji. Yakiwa kijani kizito kama mchicha uliosagwa, rutuba imezidi, na mara nyingi wewe ndiye uliyeimwaga.

Chukua bwawa la mita 10 kwa 20 lenye perege 400 wa gramu 150, yaani kilo 60 za samaki. Ukiwalisha asilimia 3 ya uzito wao, ni kilo 1.8 kwa siku. Chakula chenye protini asilimia 30 kina gramu 48 hivi za naitrojeni, yaani rutuba, kwa kilo. Kwa siku unamwaga gramu 86. Samaki hubaki na theluthi, mara nyingi pungufu. Zilizosalia hubaki bwawani kama amonia, kinyesi na makombo, na mwani, vile vimea vidogo vinavyoyapa maji ukijani, hunenepa. Samadi bado hatujaihesabu! Anayelisha chakula cha kununua kila siku kisha akatundika na gunia la mavi ya kuku bwawani anajitafutia balaa.

Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku nao huivuta, sawa na samaki na tope la chini, ndiyo maana hali huwa mbaya zaidi kabla jua halijachomoza, hasa baada ya siku ya mawingu.

Kipimo cha bei rahisi: kata duara la sentimita 20 kwenye kifuniko cha ndoo, lipake robo nyeusi robo nyeupe, funga jiwe chini yake na kamba yenye fundo kila sentimita 10. Lizamishe kati ya saa nne na saa sita mchana. Likipotea kwenye sentimita 25 hadi 40, endelea. Chini ya 20, simamisha chakula na samadi mpaka maji yapungue ukijani. Maji ya kahawia kwa udongo ni suala jingine. Hapo kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu mwani.

Samaki wakihema, ingiza maji mapya yakidondoka kupitia karai lililotobolewa ili yabebe hewa. Maji machafu toa ya chini, si ya juu. Bomba la kutolea la inchi 4 lililosimama bwawani livalishe la inchi 6 linalozidi kimo cha maji, lenye matundu kwenye kitako tu. Na usitegemee miujiza: ukibadilisha robo ya maji, umepunguza robo ya amonia.

Mrututu (kopa salfeti, dawa ya kuua mwani) usitie. Mwani ukifa wote kwa mara moja huoza, na kuoza kunamaliza oksijeni iliyobaki. Chokaa ya kupakia nyumba nayo ni hatari samaki wakiwamo, kwa sababu hupandisha pH, kipimo cha uchachu wa maji: 7 ni ya kati, na ikipanda uchachu unapungua. Kwenye joto la nyuzi 28, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki asilimia 1. Ikifika 9, ni kama asilimia 40. Mwani mzito wenyewe unaweza kuifikisha 9 alasiri, bila msaada wako.

Chimba mtaro upande wa juu ili mvua isilete mbolea ya shamba na mkojo wa zizini. Maji unayotoa yaelekeze kwenye migomba au mboga, yasiende mtoni. Baada ya kuvuna, kausha bwawa hadi tope lipasuke, kisha ulikwangue ulipeleke shambani.