Nilivyolirudisha pori la maweni katika konde letu

Konde alilotuachia baba lipo Muyuni, hapa Unguja, katika ule uwanda wa maweni ambao udongo wake haukai juu ya jiwe bali umejificha ndani ya mashimo na nyufa za jiwe lenyewe. Masika hunyesha kwa wingi, lakini maji huzama mara moja ndani ya matumbawe hayo ya kale, na kusi linapovuma mwezi wa Julai mahali hapo huwa pakavu kabisa. Wengi hupaita pori tupu. Sikubaliani nao hata kidogo, kwani ndani ya vichaka hivyo ndimo anamoishi paa nunga, mnyama ambaye duniani hapatikani ila hapa kwetu na katika misitu michache ya pwani ya bara.

Konde hilo lilikuwa limekatwa kuni, likachomwa moto na kulimwa mtama na kunde misimu mitatu mfululizo, bila kupumzishwa kwa miaka mingi kama walivyofanya wazee. Nilipoamua kulirudishia miti, nilianza kwa kosa. Nilinunua miche ya miembe na mikwaju, nikatoboa jiwe kwa mtaimbo, nikajaza mashimo udongo niliouchukua kwa ndoo kutoka bondeni, na ilipofika Septemba karibu miche yote ilikuwa imekauka.

Shangazi yangu, ambaye amekata kuni katika uwanda huo tangu usichana wake, alinishika mkono akaniinamisha penye kisiki cha mdaa, ule mti uliokuwa ukitumika kutia rangi ukili wa mikeka.

"Mwanangu, mbona unahangaika kupanda mti juu ya mti? Huyu hajafa."

Chini ya gome lililoungua palikuwa na machipukizi saba, membamba kama njiti. Mizizi ya kisiki kile ilikwisha kupenya nyufa za jiwe zamani na kuufikia unyevu ambao mche mchanga hauwezi kuufikia.

Kuanzia hapo niliacha kupanda. Katika kila kisiki tulichagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, tukakata yaliyobaki kwa kisu kikali, na matawi yaliyokatwa tukayatandaza kukizunguka ili yazuie jua. Njia hii ndiyo wanayoiita kisiki hai wakulima wa Dodoma, nako ni kukavu kuliko kwetu. Kazi ngumu ilikuwa moto na mbuzi. Nilizungumza na kila jirani anayepakana nami, tukafyeka njia ya moto kuzunguka konde, na nikamwomba sheha, kiongozi wa shehia yetu, awe shahidi wa makubaliano yetu. Shangazi hakunyimwa kuni, kwani kila mwaka tunapopunguza matawi yeye ndiye anayeyafunga mizigo. Sheria ya Misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, inaruhusu jamii kusimamia misitu yao kwa makubaliano na Serikali, nami naendelea kuomba katika vikao vya shehia yetu kwamba maweni yaliyobaki yaingizwe katika utaratibu huo.

Mwaka wa nne, alfajiri moja baada ya vuli, niliwasikia kima wakila juu ya mkwaju wa zamani uliopo ukingoni mwa konde. Chini yake, akiokota majani waliyoyaangusha, alisimama mnyama mwekundu mwenye mshipi mweupe nyuma ya mapaja. Nilikaa palepale juu ya jiwe mpaka aliposhiba na kujipenyeza katikati ya midaa.