Sindano ya Kila Siku Niliizoea, ya Mara Moja kwa Mwaka Niliikimbia

Huu ni mwaka wangu wa tisa na kisukari cha aina ya pili, na wa nne tangu nianze kujidunga insulini asubuhi na jioni. Ukipiga hesabu, tumbo langu limeshachomwa zaidi ya mara elfu mbili. Kidole nacho hutobolewa kila alfajiri nikishanawa mikono. Sasa cheka: mtu huyohuyo aliikwepa chanjo ya homa ya mafua miaka mitatu mfululizo. Kila nesi wa kliniki aliponikumbusha, jibu langu lilikuwa lilelile: "Wiki ijayo, sista."

Nilikuwa nimesikia kwamba chanjo yenyewe ndiyo inayoleta mafua, na kwamba mwenye kisukari humwangusha zaidi. Nani aliniambia? Sikumbuki. Nilichokuwa na hakika nacho ni kwamba sikuwahi kumuuliza mtu anayejua.

Mwaka wa tatu homa ikanipata kweli. Siku ya pili chakula kilinikataa, nikajiambia: sili, insulini ya nini? Nikairuka asubuhi, nikairuka na jioni. Hapo ndipo nilipojimaliza. Mwili ukiugua hutoa homoni zinazolifanya ini limwage sukari kwenye damu, hata kama hujatia kitu tumboni. Usiku ule nilikojoa bila kupumzika, mdomo mkavu kama karatasi, na mashine ya kupima sukari ikasoma 24.3 mmol/L, juu sana. Nililala wodini siku nne, dripu mkononi.

Nilipoenda kliniki baada ya kutoka, yule nesi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Baba, hivi unaogopa sindano au unaogopa kilichomo?" Nikakiri kwamba ni kilichomo. Akanieleza kuwa chanjo ya sindano ya homa ya mafua haina kirusi kilicho hai, kwa hiyo haiwezi kukuambukiza. Mkono kuuma, mwili kuchoka, pengine joto kidogo kwa siku moja au mbili, hayo ni ya kawaida, ni kinga inajengwa. Ipo nyingine ya kupuliza puani yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, lakini sisi wenye kisukari kwa kawaida hatupewi hiyo.

Msimu uliofuata nikaenda mwenyewe. Aliniuliza kama nimewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo yoyote, kama nina homa siku hiyo, kama natumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kisha akanikalisha dakika 15 nisiondoke, kwa sababu mzio ule wa hatari, ambao ni nadra sana, mara nyingi hujitokeza mapema na pale dawa yake iko karibu.

Nyumbani nikafungua daftari. Kabla ya chanjo sukari ilikuwa 7.4. Jioni 9.2, na bega zito. Asubuhi yake 8.8. Siku ya tatu 7.1, bega limenyamaza. Najua daftari la mtu mmoja si utafiti, na hiyo 9.2 ingeweza kuwa ni ya chakula cha mchana. Ila mimi lilinitosha: 9.2 na 24.3 si ndugu.

Chanjo ya nimonia nikapata bila ubishi. Ya homa ya ini B ndiyo iliyonishtua, kwa sababu ya swali moja: "Kile kifaa chako cha kutobolea kidole, kuna mwingine anakitumia?" Nikanyamaza. Wageni wakija nyumbani hupenda kujipima kwa mashine yangu, na mimi, kwa ukarimu, nilikuwa nawapitishia kifaa kilekile, eti sindano nimebadilisha. Kumbe virusi hivyo vinaweza kuishi siku saba kwenye damu iliyokauka, na damu hubaki kwenye kifaa chenyewe hata ukibadilisha sindano. Nilipimwa, nikakutwa salama, nikaanza dozi zangu. Siku hizi mgeni akiomba kupimwa namwelekeza kliniki, wengine wananiona nimekuwa mchoyo.

Pia nina karatasi niliyobandika mlangoni kwa ndani, ya siku za kuugua: insulini usiache hata kama huli, pima kila baada ya saa chache, kunywa maji, ukitapika mara mbili piga simu kliniki.

Mwaka huu, siku ya tisa baada ya chanjo, nikaanza kupiga chafya. Shemeji yangu akang'aa: "Si nilikwambia?" Nikamwambia kinga huchukua kama wiki mbili kukomaa, na tena mafua haya madogo yana virusi vyake vingine kabisa ambavyo chanjo hii haivigusi. Hakuridhika. Nikapima, 11.6. Nikajidunga dozi yangu, nikaandika kwenye daftari, nikajaza chupa ya maji nikalala. Alfajiri ilikuwa 8.3.