Kumbukumbu ya mradi: bakapu ya rekodi za kwaya, na mahali pa kukata

Februari 8

Diski ya nje ya 1 TB yenye rekodi za kwaya yetu imejaa, na sehemu kubwa ya kilichomo ni vitu vilevile. Kuna folda "KWAYA", kuna "KWAYA mpya", kuna "KWAYA mpya 2 USIFUTE". Kila aliyewahi kushika diski hii aliogopa kupoteza kitu, akanakili folda nzima. Hofu hiyo naielewa vizuri, maana rekodi hizi hazipo popote pengine.

Nimeamua kuandika kwa lugha ya Python programu ya bakapu, yaani ya kutunza nakala za akiba, inayohifadhi kila kipande cha data mara moja tu, hata kama kimo kwenye mafaili mia. Programu za Borg na restic zinafanya kazi hiyo tayari, ni za bure na nazipenda. Lakini kabla sijazikabidhi nyimbo zetu nataka nijue kinachofanyika ndani.

Februari 9

Toleo la kwanza limekamilika kwa jioni moja. Kila faili linakatwa vipande vya baiti 4,096, na kila kipande kinapigiwa heshi ya SHA-256, ambayo ni kama alama ya kidole: baiti 32, data ileile hutoa heshi ileile, na ukibadilisha biti moja inatoka heshi nyingine kabisa. Programu inatazama kwenye faharasa kama heshi hiyo imeshawahi kuonekana. Ikiwa ipo, kipande hakihifadhiwi tena. Faili lenyewe linabaki kuwa orodha ya heshi kwa mpangilio wake, na kulirejesha ni kuokota vipande kimoja kimoja na kuviunganisha.

Kwa folda zilizonakiliwa matokeo yalikuja papo hapo. Folda ya tatu haikuongeza chochote zaidi ya orodha.

Februari 16

Leo nimekwama. Rekodi moja ya WAV (sauti isiyobanwa) ina kikohozi mwanzoni, na mtu alishaikata sekunde tatu za mwanzo akahifadhi kama faili jipya. Dakika tano za wimbo, zilezile. Programu yangu imeliona faili la pili kuwa geni kabisa, kila kipande kipya.

Nilichukua kalamu. Sekunde moja ya sauti ya stereo, biti 16, sampuli (vipimo vya sauti) 44,100, ni baiti 176,400. Sekunde tatu ni baiti 529,200. Gawanya kwa 4,096: haigawanyiki sawasawa. Kwa hiyo kila kipande cha faili la pili kinaanzia katikati ya kipande cha faili la kwanza, hadi mwisho wa wimbo. Hata baiti moja ikiongezwa mwanzoni, balaa ni hilohilo. Ukiandika jina refu la wimbo kwenye lebo ya MP3, ambayo mara nyingi hukaa mwanzo wa faili, muziki wote unaweza kusukumwa mbele.

Februari 22

Njia ya kutokea ilipatikana MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2001, kwenye mfumo wa mafaili wa LBFS uliotengenezwa kwa ajili ya mitandao ya kasi ndogo. Wao hawakati kwa kuhesabu umbali. Wanapitisha dirisha la baiti 48 juu ya data, na kila hatua wanakokotoa alama kwa hesabu ya Michael Rabin ya mwaka 1981. Biti 13 za mwisho za alama hiyo zikilingana na thamani waliyoichagua, hapo wanakata. Biti 13 zina michanganyiko 8,192, hivyo mpaka hutokea kwa wastani kila baada ya KB 8 hivi. Wakaweka na kikomo: kipande kisipungue KB 2, kisizidi KB 64.

Ni tofauti ya kuikata hotuba kila baada ya maneno kumi na kuikata kwenye nukta. Hata ukiongeza neno mwanzoni, nukta zinabaki palepale kwenye sentensi zake. Na kompyuta haichoki sana, kwa sababu dirisha likisogea baiti moja inatoka nyuma na moja inaingia mbele, hesabu inarekebishwa bila kuanza upya.

Nimeiandika usiku huu. Kwa faili la kikohozi, vipande vichache vya mwanzoni ndivyo vipya, halafu mipaka ikakutana na kuanzia hapo heshi zote zikawa zilezile hadi mwisho. Nilisimama kwenye kiti.

Februari 23

Kuna jambo dogo limenifundisha mengi. Kwenye albamu tuliweka sekunde mbili za ukimya kati ya nyimbo, yaani sifuri tupu. Thamani yangu ya kukatia ilikuwa sifuri, na alama ya sifuri tupu ni sifuri pia, basi kila mahali pakawa mpaka: vipande 172 vya KB 2 kwa kila ukimya. Kwenye diski kinakaa kimoja tu, ila orodha inarefuka bure. Nimebadilisha thamani, sasa ukimya unakatwa kwa KB 64, vipande vitano na salio.

Machi 1

Mafaili mengine yaliyopunguzwa mwanzo bado yanaonekana mageni. Nilitafuta kosa kwenye msimbo siku mbili. Kosa halikuwa kwenye msimbo. Programu ya kuhariri sauti, ikirudisha kazi yake kwenye biti 16, huongeza ditha: mchakarisho mdogo wa kubahatisha unaoficha makosa ya kukadiria. Sikio halisikii tofauti, lakini karibu kila sampuli imeguswa. Bakapu inalinganisha baiti, haisikilizi wimbo. Nimezima ditha kwa kazi za kukata tu. Ndivyo ilivyo hata kwa mafaili yaliyobanwa kwa gzip: badiliko dogo mwanzoni huvuruga yanayofuata, ndiyo maana ni bora kuondoa marudio kwanza, kisha kubana kila kipande.

Machi 8

Faharasa imeanza kuwa nzito. Kwa vipande vya KB 8, diski ya 1 TB ina vipande milioni 122, na heshi peke yake ni karibu GB 4, sawa na ramu yote ya kompyuta yangu. Sasa naelewa kwa nini restic inalenga vipande vya MB 1 hivi na Borg MB 2: kwa MB 1 idadi haifiki milioni, na heshi ni MB 30 tu. Unapoteza marudio madogo madogo, na kwa sauti naona hasara hiyo inavumilika. Nimehamia MB 1.

Machi 15

Nilibadilisha kwa makusudi baiti moja ndani ya kipande kimoja. Mafaili yote matatu yanayokitegemea yakakataa kurejeshwa, kwa kuwa heshi haikulingana. Zamani nakala moja ikiharibika, mbili zilibaki. Kwa hiyo hazina nzima ya vipande sasa inakwenda kwenye diski mbili, moja inakaa kwa mwalimu wa kwaya, na kila mwezi vipande vyote vitasomwa na kupigiwa heshi upya.

Machi 16

Mwalimu ameomba ile rekodi ya mwanzo, yenye kikohozi. Anasema anayekohoa ni marehemu mzee wetu wa besi. Nimeunganisha vipande, heshi ya faili zima imelingana, nimempelekea kwenye flashi. Bado sijaandika sehemu ya kufuta.