Wainwright: jina la fundi magari, na namna ya kulifuatilia ukiwa Mombasa

Kisauni na Rabai kuna watu wenye majina ya ukoo ya Kiingereza ambao hawana Mwingereza hata mmoja katika nasaba yao. Wengine huingia mtandaoni kutafuta "asili ya jina langu", wakarudi na picha ya ngao yenye simba, yaani nembo ya ukoo, na hadithi ya lodi fulani. Jina la Wainwright linaonyesha vizuri kwa nini hadithi hizo hazifai, kwa hiyo tuanze nalo.

Wainwright ni jina la kazi. Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na wægn, gari la kukokotwa na maksai, na wyrhta, fundi wa kutengeneza kitu. Yaunge, upate fundi magari. Ile g ya wægn ililainika mpaka ikawa i, nayo r ya wyrhta ikapishana na irabu yake. Herufi gh, ambazo leo huandikwa bila kutamkwa, zilikuwa sauti halisi, jamaa ya kh ya sheikh. Siku hizi hutamkwa "Weinrait". Katika daftari za zamani utakutana na Waynwright, Wainewright na Wainright, pengine zote kwa mtu yuleyule, kwa kuwa karani aliandika alivyosikia.

Gari lenyewe lilikuwa zito, la kubebea mavuno, samadi na magogo, na kipimo cha fundi kilikuwa gurudumu. Kitovu kilichongwa kwa mti wa elm, kwa sababu nyuzi zake zimesokotana na haupasuki hata ukitobolewa matundu kumi na zaidi ya spoki. Spoki zilikuwa za mwaloni, tena mwaloni uliopasuliwa kwa kabari ukifuata nyuzi zake. Ukiukata kwa msumeno, msumeno hukatiza nyuzi na spoki huvunjika mzigo ukielemea upande mmoja. Vipande vya rimu vilitoka kwenye mti wa ash, ambao huvumilia kugongwagongwa na mawe. Mbao zilianikwa miaka kadhaa kabla ya kuguswa. Ukizitumia mbichi husinyaa, spoki zikacheza ndani ya kitovu, na gurudumu likaachana njiani na mzigo juu yake. Fundi wa namna hii hakuagizwa kutoka mbali. Sehemu yoyote yenye mashamba ilimhitaji awe karibu.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wauza ngao hawalisemi. Kwa kuwa mafundi hawa walikuwepo sehemu nyingi, jina lilizaliwa sehemu nyingi, kila moja peke yake. Hakuna babu mmoja wa akina Wainwright wote, wala kijiji kimoja cha asili. Mwanzoni lilikuwa maelezo tu: John yule fundi magari, asichanganywe na John wa kinuni. Kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za Uingereza zilikuwa zimeshika majina ya kurithi, na mtoto akabaki Wainwright hata akiwa mwoka mikate. Orodha za kodi ya kichwa za Yorkshire za mwaka 1379 zinafaa sana kwa utafiti huu, maana mara nyingi kazi ya mtu imeandikwa kando ya jina lake, na unaona kama jina bado lilikuwa kazi au lilishaganda. Jina hili lina nguvu zaidi kaskazini na magharibi ya kati: Yorkshire, Lancashire, Staffordshire. Binamu zake ni Cartwright, ambalo limeenea zaidi, Wheelwright wa magurudumu, Plowright wa plau, Arkwright wa makasha, na Wright lenyewe, fundi tu.

Kuhusu ngao: kwa sheria ya Uingereza ngao hupewa mtu na wazao wake halali, na ofisi inayoshughulikia mambo hayo huko London imekuwepo tangu 1484. Jina la ukoo halina ngao. Anayekuuzia "ngao ya akina Wainwright" anakuuzia picha.

Sasa upande wetu wa bahari. Mwafrika anayejulikana zaidi kwa jina hili ni Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa na wamishonari wa CMS (Church Missionary Society, chama cha wamishonari wa Kianglikana) kule Nasik, India, karibu na Bombay. Mmishonari na mpelelezi David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873, yeye ndiye aliyesoma sala za maziko na kuchonga maandishi kwenye mti. Aliusindikiza mwili hadi London, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza Westminster Abbey. Alifariki Urambo mwaka 1892. Mwenzake wa Nasik, Matthew Wellington, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Chengwimbe, alifia papa hapa Mombasa mwaka 1935. Mkuu wa shule ile ya Nasik, William Salter Price, ndiye aliyekuja kuanzisha Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa huko Kisauni, mwaka 1875, na wanafunzi wake wengi wa zamani wakahamia huku.

Majina haya yalitolewa kwenye ubatizo. Mara nyingine yalikuwa ya mfadhili au kasisi: Ajayi, Myoruba wa Afrika Magharibi, alibatizwa mwaka 1825 akapewa jina zima la kasisi Samuel Crowther wa London, na Crowther maana yake mpiga ala ya nyuzi. Ajayi hakurithi ala wala mpigaji. Kwa hiyo mwenye jina la namna hii ana kazi mbili za kufuatilia, ya jina na ya ukoo, na hazikutani popote kabla ya siku ya ubatizo.

Kwa upande wa jina, rudi nyuma mtu kwa mtu, usiruke. Uingereza iliandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali kuanzia 1 Julai 1837. Sensa zenye majina ya watu zipo kila miaka kumi kuanzia 1841 hadi 1921; ile ya 1931 iliungua mwaka 1942. Sensa ya 1841 iliteremsha umri wa watu wazima hadi tano ya chini, hivyo mwenye miaka 34 ameandikwa 30. Ukiuamini umri huo utamtafuta miaka minne mbali na alipozaliwa. Kabla ya 1837 tegemea daftari za makanisa, zilizoamriwa mwaka 1538. Kuanzia 1813 fomu ya ubatizo inataja kazi ya baba, na hapo ndipo utawaona akina Wainwright wakiwa wafumaji na wachimba makaa.

Kosa linalowaumbua wengi ni la kalenda. Hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi. Wazazi waliooana Juni 1720 na mtoto aliyebatizwa Februari 1720 wanaonekana kama wamekosea mpangilio, kumbe Februari hiyo ni ya 1721 kwa hesabu yetu.

Kwa upande wa ukoo, anza na daftari za ubatizo na ndoa za kanisa la Kianglikana la Frere Town na lile la Rabai, kisha barua na taarifa za CMS, ambazo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham. Andika majina yote mawili unapoomba kutafutiwa, la Kiingereza na la nyumbani, pamoja na kabila. Ukitoa jina la Kiingereza peke yake, kama "Jones", mtunza nyaraka hana pa kuanzia.