Nilivyokokotoa sodiamu ndani ya kaboni nikiwa Ujiji

Kipindi cha giza, ukisimama mwalo wa Kibirizi, Kigoma, usiku, unaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za betri, na betri ikichoka kabla ya alfajiri mvuvi amepoteza usiku wake. Betri hizo ndizo zilizonifanya nichague mada ya shahada yangu ya uzamili: kaboni ya kuhifadhi sodiamu badala ya lithiamu. Sodiamu iko kwenye chumvi, na chumvi Uvinza imechemshwa tangu enzi za mababu. Kaboni nayo tunayo. Shangazi yangu wa Mwandiga akishapasua mise (mbegu za michikichi) na kutoa kiini, maganda magumu yanayobaki huyachochea jikoni.

Maabara ya kupasha maganda hayo zaidi ya nyuzi 1000 bila hewa sina, na matanuri yetu ya mkaa hayafiki huko. Nilikuwa na laptopu ya GB 8, chumba cha kupanga, na Quantum ESPRESSO, programu ya bure inayokokotoa nishati ya atomi kwa kufuata msongamano wa elektroni, njia iliyojengwa na Hohenberg, Kohn na Sham mwaka 1964 na 1965. Naandika haya kwa sababu wapo walimu wenzangu mikoani wanaoamini kazi hii haifanyiki bila kompyuta kubwa za chuo.

Inafanyika, ukichagua swali linaloenea kwenye mashine yako. Lithiamu ikijaa ndani ya grafaiti, kaboni iliyopangika matabaka matabaka, kila atomi yake moja hukaa na atomi 6 za kaboni, na hapo ndipo unapotoka ule uwezo wa kuhifadhi chaji wa miliampea-saa 372 kwa gramu. Kwa hiyo kipande kinachojirudia kina atomi 7 tu. Laptopu inaliweza hilo.

Nilianza na grafaiti tupu, ambayo matabaka yake yanajulikana kuwa yako umbali wa angstromu 3.35 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Yangu yalitengana mpaka yakapita 4. Siku nne nzima nilitafuta kosa la uandishi. Kumbe PBE, fomula ya kukadiria nishati ya elektroni niliyotumia, haioni ule mvutano hafifu wa van der Waals unaoshikilia tabaka kwa tabaka. Niliongeza mstari mmoja kwenye faili, ule wa vdw_corr, wenye marekebisho ya Grimme ya 2010, umbali ukarudi karibu na 3.4. Nikaingiza lithiamu, nikayapanga matabaka yaelekeane sawasawa (katika grafaiti tupu huwa yamepishana), nayo yakatanuka hadi karibu 3.7, kama yalivyopimwa na wenye maabara. Hapo nikaiamini mashine.

Umeme ulipokuwa ukikatika nilipoteza kazi mara kadhaa. Dawa yake ni max_seconds: unaiambia programu isimame yenyewe kwa utaratibu baada ya muda fulani, kisha kesho unaendelea pale ulipoishia.

Ndipo nikaweka sodiamu. Nishati ya kuingia ikatoka hasi, maana yake sodiamu inaingia kwa hiari. Nilimpigia msimamizi wangu wakati ule ule. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, hiyo sodiamu umeitoa wapi?"

"Niliiweka peke yake kwenye kisanduku kitupu, Dokta."

"Na ile inayoingia kwenye kaboni maabara, inatoka peke yake?"

Sikuwa na la kujibu. Atomi ya sodiamu iliyo peke yake hushukuru mahali popote pa kushika. Lakini sodiamu halisi ni kipande cha metali, ambamo kila atomi imeshikwa na wenzake kwa takriban elektroni-volti 1.1 (kipimo cha nishati ya atomi), na huwezi kuiingiza kwenye kaboni bila kwanza kulipa gharama ya kuing'oa huko. Nilikokotoa nishati ya metali yenyewe, nikarudia hesabu ya kutoa, na jibu likageuka chanya. Sodiamu haitaki. Lithiamu, kwa hesabu ile ile, ilibaki hasi.

Nilichojifunza zaidi kilikuwa kwenye potasiamu. Darasani nimekuwa nikieleza kwamba sodiamu imeshindwa kwa sababu ni nene, mlango ni mwembamba. Lakini potasiamu ni kubwa kuliko sodiamu na huingia, atomi moja kwa kaboni 8. Nilijenga kisanduku cha atomi 9, nikapata hasi. Kwa hiyo unene peke yake si sababu. Sodiamu inashikana na kaboni kwa udhaifu mno, kiasi kwamba faida hiyo haitoshi kulipia kung'olewa kwenye metali pamoja na kuyatenganisha matabaka. Maelezo ya mlango nimeyaacha, na wanafunzi wangu nimewaambia hivyo.

Kama gharama mojawapo ni kutenganisha matabaka, je, yakiwa yameshatengana? Kaboni ngumu, ile itokanayo na vitu kama maganda, huwa na nafasi za angstromu 3.7 hadi 4.0 hivi, tena matabaka yake yamejikunja na yana matundu. Nilitanua yangu hatua kwa hatua, na kila hatua gharama ya sodiamu kuingia ilipungua. Mfano wangu bado ni matabaka yaliyonyooka, hauna matundu wala mikunjo, na kuyaweka kutahitaji atomi mamia ambazo laptopu hii haiwezi. Kwa hilo nimeomba muda kwenye mashine ya chuo, nikiwa na mafaili yaliyokwisha kupimwa.

Jumapili nilipita Mwandiga. Shangazi alikuwa amekaa kando ya lundo la maganda, akaniuliza, "Sasa mwanangu, haya niyaweke au niyachome?" Nikamwomba aniwekee debe moja.